Belarmino Chiguay na Nyumba Yake Iliyobaki Chini

Kwanza niseme wazi kwamba kazi hii sikuitaka. Mzee Audelio, msimamizi wa kanisa letu hapa Puchaihue, alikuja kwangu juzi, akakaa kwenye benchi langu, akanywa chai yangu ya yerba, kisha akasema, "Mama Orfelina, wewe ndiye dada mkubwa, wasifu uandike wewe." Nikamwambia mimi nilisoma madarasa mawili tu, na mkono wangu umezoea jembe la viazi, kalamu inaniteleza. Akasema watoto wa marehemu wanaweza kuandika kwa kompyuta, ila hawajui mambo. Hapo alinipata, kwa sababu ni kweli hawajui. Lakini mtu wa miaka themanini kasoro kidogo, aliyemzika mdogo wake wa mwisho, hapaswi kusumbuliwa na kalamu. Basi nimeandika. Atakayecheka herufi zangu akachekee nje ya uzio wa makaburi.

Marehemu Belarmino Chiguay Barría alizaliwa tarehe 14 Agosti 1944 hapahapa Puchaihue, kisiwa cha Lemuy, katika nyumba ya wazazi wetu iliyokuwa ufukoni. Alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Candelario Chiguay na Bi Rosalba Barría. Mama alisema alizaliwa kimya, akaangalia paa, ndipo akalia, kana kwamba alikagua kwanza kama linavuja. Lilikuwa linavuja.

Alisoma katika shule ya kijiji hadi darasa la nne. Shule ilikuwa ng'ambo ya ghuba ndogo. Maji yakitoka, watoto walipita ufukoni. Maji yakijaa, walizunguka msituni kwenye matope. Tangu akiwa mdogo alikuwa mtu wa kuweka akiba. Mama alimpa viazi viwili vya kuchoma vya kula mchana. Alikula kimoja, cha pili akakificha ndani ya shina la mti njiani, akile wakati wa kurudi. Mimi nilikigundua nikawa nakila. Hakulia wala hakunisemea kwa mama. Alihamisha mti. Hadi leo sijui alihamia mti gani.

Tarehe 22 Mei 1960 ardhi ilitikisika na bahari ikapanda. Wazee mnaikumbuka, wengine mmesimuliwa. Sisi tulikimbilia mlimani, na kutoka huko tukaiona nyumba ya baba ikiondoka na maji, bomba la jiko bado linatoa moshi. Hakufa mtu wa kwetu. Lakini baba alishuka mlimani akiwa mzee, na alipanda akiwa mwanamume wa nguvu zake. Mimi nilikuwa nimeolewa tayari, nina jiko langu, nikamchukua. Alikaa kwenye pembe ya jiko hilo miaka kumi na moja mpaka alipofariki. Sikumnyima kitu, Mungu anajua. Lakini baba aliomba kila kitu. Aliomba maji. Aliomba kusogea karibu na moto. Alikuwa akisema, "Mwanangu, ukipata nafasi, kama si usumbufu..." Mbele ya binti yake mwenyewe!

Belarmino alikuwa na miaka kumi na tano, naye alilala jikoni humohumo, akasikia kila neno. Siku moja tunapasua kuni nje akaniambia, "Dada, mimi nikizeeka sitamwomba mtu kitu."

Nikamwambia, "Wewe hata ndevu huna, uzee umeuona wapi?"

Akasema, "Nimeuona pale jikoni."

Nawaomba mkumbuke neno hilo, kwa kuwa maisha yake yote ya baadaye yalitoka hapo, mazuri yake na lile moja baya.

Mwaka 1961 alipanda meli kwenda kusini, Punta Arenas, kama walivyofanya wanaume wote wa kisiwa hiki waliokuwa na miguu. Akawa mnyoa kondoo katika mashamba makubwa ya Magallanes, na baadaye upande wa Argentina. Aliondoka kila mwaka mwezi wa Septemba, akarudi mwisho wa Februari. Maisha hayo aliyafanya kwa zaidi ya miaka arobaini. Waliofanya naye kazi wako hapa leo, na watawaambieni kwamba jambo la kwanza alilouliza katika kila shamba halikuwa chakula wala kitanda. Aliuliza, "Bwana mkubwa, hapa mnakata michango ya uzeeni?" Kama hawakati, alifunga mzigo wake akaenda shamba jingine. Wenzake walimcheka. Walimwita Mstaafu, naye ana miaka ishirini na mbili. Wao walipewa chao chote mkononi, na wakakiacha chote mezani kwenye vilabu vya Natales. Sitaji majina. Wengine wamesimama hapo nyuma karibu na lango.

Tarehe 20 Aprili 1968 alifunga ndoa na Ercira Nahuelquín, wifi yangu, mwanamke ambaye sina la kumlaumu isipokuwa anaweka chumvi nyingi. Walijaliwa watoto wawili, Heriberto na Nolfa. Kiwanja walichokuwa nacho kilikuwa urithi wa Ercira, kule chini ufukoni, chini ya mteremko. Belarmino hakukipenda, kwa sababu alikwisha kuona bahari inavyochukua. Lakini hakikuwapo kingine. Basi akajenga nyumba ya mbao za mwerezi, na akaijenga iondoke. Boriti za chini alizichonga nene, ncha zake akaziviringisha kama mguu wa kitanda cha mtoto cha kubembelezea, ili siku ikifika ipandishwe juu ya magogo na kuvutwa na maksai. Usiku wa harusi alimwambia Ercira, "Kabla hujazeeka nitakupandisha juu, wewe na nyumba yako." Ercira mwenyewe ndiye aliyenieleza. Alisema yeye alitarajia maneno ya namna nyingine usiku ule.

Sasa niwaeleze alivyojiandaa, maana vijana mnadhani mtu hustaafu kama anavyoanguka kwenye shimo.

Alipofika miaka hamsini, alianza jambo ambalo kijiji kizima kililicheka. Kila Agosti, wakati wa mvua kubwa, alitenga wiki moja akaiita wiki ya uzee. Wiki hiyo yeye na Ercira waliishi kwa kile tu ambacho pensheni ingeweza kuwapa, na yeye alikaa kando ya jiko bila kazi, kama mzee. Mwaka wa kwanza nilienda kuwatembelea siku ya tatu. Nikamkuta Ercira amesimama mlangoni na ufagio.

"Wifi, mchukue mdogo wako," akaniambia.

"Nimpeleke wapi?"

"Popote. Tangu Jumatatu amekaa kwenye kiti hicho ananiangalia napika. Jana kanifundisha kumenya kiazi. Mimi! Kumenya kiazi!"

Belarmino akajibu kutoka ndani, "Nilisema tu kwamba ganda linakuwa nene."

"Unamsikia? Nikiishi hivi miaka ishirini nitamtia kwenye chungu."

Mnacheka, lakini yeye hakucheka. Alikaa akafikiri, na mwaka uliofuata akajenga kibanda chenye benchi la seremala, mbali na jiko, mahali ambapo sauti ya Ercira inafika lakini maneno hayafiki. Akasema, "Afadhali kujua sasa." Mwaka mwingine waligundua kwamba sukari wanaweza kuiacha lakini yerba hawawezi, wakapanga upya. Mwaka mwingine waligundua kwamba Ercira anahitaji kwenda misa na kuonana na wanawake wenzake, la sivyo anazungumza na kuku. Kwa hiyo akajua kwamba nyumba lazima iwe juu, karibu na barabara, kanisa na zahanati, mahali ambapo mwanamke mwenye magoti mabovu anaweza kutoka mwenyewe. Mwaka 1998 alinunua kiwanja huko juu kutoka kwa Mzee Rigoberto Lepío. Akapanda matufaha mapema, ili miti izae wakati yeye anakoma kufanya kazi. Akachimba kisima. Akasimamisha nguzo za kukalia nyumba, akazipaka lami, akazifunika.

Na akaweka akiba nyingine, ambayo nataka muisikie vizuri. Kila alipofika kutoka kusini, mwili umechoka, mikono imejaa mafuta ya sufu, hakupumzika. Nyumba yoyote iliyovutwa Machi, yeye alikuwapo na kamba begani. Viazi vya nani vimechelewa kuvunwa, yeye yumo. Matufaha ya nani yanakamuliwa yawe chicha, pombe yetu ya matufaha, yeye yuko kwenye shinikizo. Na walipomuuliza, "Belarmino, siku yako tukurudishie lini?" alisema, "Bado. Zikae kwanza." Hapa kwetu siku ya kazi ni deni la heshima, hairudishwi kwa fedha, hurudishwa kwa mgongo. Yeye alizirundika siku hizo kama kuni za majira ya baridi. Sidhani kuna nyumba hapa Puchaihue ambayo haimo katika rundo hilo.

Alistaafu Desemba 2009, akiwa na miaka sitini na mitano. Pensheni ikatoka, si kubwa, lakini haikupungua. Matufaha yalikuwa yanazaa. Kila kitu kilikuwa tayari huko juu, imebaki nyumba yenyewe kupanda.

Wajukuu waliokulia mijini nawaelezea mara moja tu. Nyumba hapa huvutwa na kijiji. Lakini kijiji hakiji kwa kuitwa. Mwenye nyumba huenda mlango kwa mlango, kwa miguu yake, kofia mkononi. Huketi. Hukataa kikombe cha kwanza. Kisha husema, "Nimekuja kuomba mkono wako." Akishasema hivyo, hakuna anayeweza kumkatalia, hata adui. Ndivyo ilivyo, na ndivyo ilivyokuwa kabla ya kanisa hili kujengwa.

Na Belarmino, ambaye alijua desturi hiyo kuliko padri anavyojua misa yake, alitangaza kwenye redio.

Ilikuwa Machi 2012. Mimi nilikuwa namenya viazi, saa ya matangazo ya visiwani, yale ya nani amefika salama na nani ng'ombe wake amepotea. Nikasikia: "Belarmino Chiguay wa Puchaihue anawaarifu majirani wote kwamba nyumba yake itavutwa Jumamosi. Waje asubuhi na maksai." Anawaarifu! Kama serikali inayotangaza chanjo ya mbwa. Niliweka kisu chini.

Jumamosi ile jua lilitoka, ardhi kavu, siku nzuri kuliko zote. Milango na madirisha ya nyumba yalikuwa yametolewa, jiko limebebwa nje, magogo yamepangwa. Alikuwa amechinja kondoo na nguruwe. Shimo la mawe ya moto lilikuwa limejaa kome, nyama na mikate ya viazi, limefunikwa majani, linafuka moshi, chakula cha watu mia. Akaja Mzee Audelio, kwa sababu ni msimamizi wa kanisa na huenda kila mahali. Wakaja na binamu wawili wa Ercira. Basi. Maksai wangu walikuwa wamefungwa mlangoni pangu, nira juu yao tangu alfajiri, na mimi nimekaa kwenye benchi nangoja. Kwa Rigoberto Lepío, ng'ambo ya uzio, hivyohivyo, maksai wamefungwa, naye amekaa. Tuliangaliana mchana kutwa. Belarmino angetokea tu kwenye kona ya njia, tungesimama kabla hajafungua mdomo.

Alitokea jioni. Amebeba ndoo ya nyama, anagawa chakula nyumba kwa nyumba kisiharibike.

"Dada, mbona hukuja?"

"Kuja wapi?"

"Hukusikia redio?"

"Nilisikia. Redio ilikuwa inasema na kila mtu. Mimi naitwa Orfelina."

"Wewe ni damu yangu. Nikuombe na wewe?"

"Mimi kwanza."

"Hakuna mtu hapa ambaye sikumfanyia kazi. Wanajua wenyewe."

"Wanajua. Wanasubiri useme."

Akaiweka ndoo chini. "Kuomba ni kwa mtu asiyekuwa na kitu. Mimi nimelipa mapema."

Rigoberto alikuwa amesimama kwenye uzio, akasikia. Akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, "Belarmino, ulinivutia nyumba. Uliponiona mgonjwa, ulinivunia viazi. Kila mwaka nakuuliza nikurudishie lini, unaniambia zikae. Umenifanya niwe na deni miaka ishirini, halafu unakuja kunidai kwa redio, kama benki? Njoo hapa mlangoni, ukae, useme. Maksai wako tayari. Ni hatua chache tu, bwana!"

Zilikuwa hatua chache kweli. Belarmino aliangalia mlango wa Rigoberto, akaokota ndoo yake akashuka ufukoni.

Watu walisema nina roho ngumu, kwamba ningekwenda tu nikafunga maksai wangu nikavuta. Jozi moja haitikisi nyumba ile hata kidole. Na hata kama ingeitikisa, nisingekwenda. Nilimlea mdogo wangu. Sikumlea adai watu kwa redio.

Milango ikarudishwa, jiko likarudishwa. Kila mwaka aliposikia nyumba ya mtu inavutwa, alikwenda kuvuta. Hilo hakuliacha. Na kila mwaka alimwambia Ercira, "Mwakani." Alipanda mteremko kila siku kwenda kutunza matufaha yake, akakaa kwenye nguzo zile tupu, akashuka. Ercira alianza kuumwa nyonga. Ikafika mahali akawa haendi misa, kwa sababu kushuka anaweza lakini kupanda hawezi. Miaka ya kupumzika, ambayo walijifunza kila Agosti jinsi ya kuiishi, aliimaliza akiwa chini, anausikia mlio wa kengele.

Ugonjwa ulianza Julai 2018. Ulikuwa moyo. Gari la wagonjwa lilifika barabarani juu likashindwa kushuka, matope yalikuwa ya magotini. Wanaume wanne walimpandisha kwenye kiti chake cha jikoni, mvua inawapiga, na Rigoberto Lepío, ambaye naye si kijana, alishika mguu wa mbele. Katikati ya mteremko walitua kupumua. Rigoberto akasema, "Ungeniomba mwaka ule, mzee, leo ningekubeba kutoka kitandani hadi barabarani bila kulowesha kofia."

Belarmino, uso umekuwa wa bluu, akamjibu, "Angalia matope, usiniangushe, halafu ndiyo unihubirie."

Wakacheka wote watano, na Rigoberto akalia, akasema ni mvua.

Walimtibu hospitali ya Castro, wakamrudisha Septemba. Aliporudi alikuta mambo mengine. Heriberto alikuwa amekuja kutoka Punta Arenas. Heriberto si mtoto mbaya, na hapa namsema mbele yake. Alimwambia baba yake, "Baba, mama hawezi kubaki huku chini peke yake. Wewe ukiondoka, mimi namchukua. Nina chumba kidogo karibu na jiko, kina joto." Alisema kwa upendo. Hakujua alichosema. Belarmino alimwangalia muda mrefu, kisha akageukia ukutani.

Ercira, akiwa kwenye sufuria, akasema, "Mimi Punta Arenas nitaangalia nini? Ukuta wa jirani? Na nikitaka yerba nimwombe mkwe wangu?"

Siku ya kwanza ya mwaka huu Belarmino alituma niitwe. Nilishuka na fimbo yangu. Alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, amevaa kofia ya sufu. Ercira akaweka maji ya yerba na kutoka nje, jambo ambalo si kawaida yake.

"Dada," akasema, "nimekosea hesabu."

"Hesabu ipi?"

"Nilijipangia nisimwombe mtu. Kumbe nimempangia Ercira aombe maisha yake yote yaliyobaki. Ataomba maji kama baba."

Nilikuwa na mengi ya kusema tangu 2012, yote yameniozea mdomoni.

"Nenda kwao," akasema. "Uwaombee mkono. Machi hii, kabla ya mvua."

"Nenda mwenyewe."

"Miguu imekataa."

"Belarmino, tangu nizaliwe sijaomba mtu hata moto wa kuwashia jiko. Unanijua."

"Ndiyo maana nakutuma. Wakikuona wewe umeshika kitambaa chako cha kichwa mkononi unaomba, watadhani dunia inaisha. Watakuja wote."

Nikacheka, na sikutaka kucheka. Kisha nikamwambia, "Kama ni hivyo, anza na mimi. Mimi sijaombwa bado."

Alielewa. Nilimmiminia kikombe nikampa. Akakisukuma pembeni. Alivua kofia yake, nywele zake zimebaki chache, akaishika kwa mikono miwili juu ya blanketi. Mikono ile ilikuwa imenyoa kondoo wa nusu ya kusini. Akasema, "Dada Orfelina, nimekuja kuomba mkono wako. Na maksai wako."

Hakuwa amekuja popote, alikuwa kitandani kwake. Lakini aliyasema yote, na kwa mpangilio wake.

Nikamwambia, "Utaupata."

Akakubali kikombe cha pili.

Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 11 Februari 2019, alasiri, nyumbani kwake ufukoni, mkewe akiwa amemshika mkono na mimi nikiwa nimekaa mguuni. Alikuwa na miaka sabini na minne. Hakusumbuka sana mwishoni. Wanaume walewale wamempandisha tena mteremko jana, safari hii akiwa kimya, na leo Alhamisi tunamlaza karibu na baba na mama.

Ameacha mjane, Bi Ercira Nahuelquín, mwana, Heriberto, wa Punta Arenas, binti, Nolfa, wa Puerto Montt, wajukuu watatu, watoto wa ubatizo wengi ambao watajitaja wenyewe, na mimi dada yake, Orfelina Chiguay. Ameacha matufaha yanayovunwa Aprili, kisima chenye maji matamu, kibanda cha useremala, na nguzo zilizosimama tayari zinazongoja nyumba. Mungu amweke mahali pakavu, apumzike. Alivuta vya kutosha.

Nimemaliza ya marehemu. Yanayofuata ni yangu.

Heriberto ameniahidi mbele ya Mzee Audelio kwamba atakaa hadi mwisho wa Machi. Nyumba ikiwa juu, mama yake atabaki kwake, atatoka mlangoni, atakwenda misa kwa miguu yake, na pensheni ya mjane itamtosha, hilo marehemu alilihakikisha. Nyumba ikiwa bado chini, atapanda ndege kwenda kwenye kile chumba karibu na jiko. Hakuna njia ya tatu.

Sala za siku tisa zitakwisha Ijumaa tarehe 22. Sitamgusa mtu kabla ya hapo. Jumatatu tarehe 25 nitatoka nyumbani kwangu asubuhi. Nitaanza kwa Rigoberto, kisha nitafuata njia mpaka mlango wa mwisho kule ncha ya kisiwa. Na hiki nilichokisoma hapa si ombi, msije mkasema Orfelina alituomba makaburini kwa karatasi, kama yule na redio yake. Ombi litakuja mlangoni kwako, litakaa kwenye benchi lako, litakataa kikombe chako cha kwanza.

Nyumba itavutwa Jumamosi tarehe 16 Machi. Ninachowataka leo ni kimoja. Jumatatu ile ya tarehe 25 muwe nyumbani. Msiende Castro, msiende kutafuta kome, msinifungie mlango mkajifanya hamsikii; moshi wa jiko nauona. Mimi ni mzee, mlima unanitesa, na sijui kuomba, nitajifunzia kwenu. Mnifungulie. Mniache niseme mpaka mwisho bila kunisaidia maneno. Kisha mseme ndiyo, na mpake nira zenu mafuta.